Mtumbwi wa Kukunja na Swali la Mzee wa Ruvubu

Poleni kwa ukimya. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nyuma ya nyumba nakata mbao.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Jumamosi moja nilikuwa nyumbani kwetu Ngara, likizo ya siku nne. Nikatandaza turubai uani, turubai kubwa la lori, ili nilipime. Haikupita nusu saa jirani yetu akaingia, kanga moja kiunoni na nyingine kajitanda, uso umemshuka.

"Poleni jamani. Ni nani?"

Mnaijua nchi yetu. Turubai likionekana uani kuna mawili tu, harusi au msiba, na kama ingekuwa harusi yeye angekuwa ameshachangishwa miezi sita nyuma.

"Hakuna msiba, mama," nikamwambia. "Natengeneza mtumbwi."

Akanitazama. Akamtazama mama yangu aliyekuwa amesimama mlangoni. Kisha akasema "poleni" kwa mara ya pili, na safari hii nadhani alikuwa anampa pole mama kwa kuzaa mtoto kama mimi.

Sasa nieleze, maana hata ofisini wananicheka.

Kuna chombo kinaitwa kayaki. Asili yake ni kwa watu wa kaskazini kabisa mwa dunia, kule Greenland na jirani zake, ambako miti haioti. Mtu asiye na mti mkubwa atachonga mtumbwi wa gogo kwa kitu gani? Wenzetu wale wakaunda kiunzi kwa mifupa na vipande vya miti iliyoletwa na maji, wakakivika ngozi ya sili. Chepesi, chembamba, kinabeba mtu mmoja na kasia lake lenye bapa huku na huku.

Mwaka 1905 mwanafunzi mmoja wa usanifu majengo Ujerumani, Alfred Heurich, akaunda ya kwake ambayo kiunzi kinafunguka vipande vipande na ngozi inakunjwa. Miaka miwili baadaye fundi cherehani wa mji wa Rosenheim, Johann Klepper, akanunua haki ya kuitengeneza na kuanza kuiuza. Watu wakawa wanapanda treni na boti zao mgongoni. Mwaka 1956 daktari Mjerumani, Hannes Lindemann, akaivuka Atlantiki kwa kayaki ya Klepper, siku 72, kutoka visiwa vya Kanari hadi Karibea. Peke yake.

Lakini hilo silo lililonitoa usingizini. Lililonitoa usingizini ni Mmarekani aitwaye John Goddard. Mwaka 1950 yeye na Wafaransa wawili, Jean Laporte na André Davy, walikuja huku kwetu kwenye vyanzo vya mto Kagera na kayaki za kukunja, wakateremka nazo. Wakaingia ziwa Victoria, wakaushika mto Nile, na mwaka 1951 wakafika bahari ya Mediterania. Mimi niliyezaliwa Ngara, niliyesomeshwa jiografia ya Nile kuanzia shule ya msingi mpaka chuo kikuu, sijawahi kugusa maji ya Kagera kwa zaidi ya kifundo cha mguu. Mgeni katoka Marekani kaja kupita mlangoni kwetu akaendelea zake mpaka Misri!

Nikasema hapana. Hili halikubaliki.

Halafu fikiria maisha ya ripota wa wilayani. Sina gari. Naishi Biharamulo, nyumbani ni Ngara, na kila safari yangu ni basi, Noah au bodaboda. Mtumbwi wa gogo utaupakia wapi? Huu wa kukunja unaingia kwenye buti la basi pamoja na ndizi za watu.

Tatizo ni bei. Kayaki halisi za kukunja zinauzwa maelfu ya Euro. Mshahara wangu mnaujua, na kama hamuujui basi jueni kwamba hata mwenye nyumba wangu anauonea huruma. Kwa hiyo nikaamua kuunda mwenyewe, na bajeti ilikuwa hivi: turubai la lori lililotumika 35,000, nusu karatasi ya plaiwudi 30,000, mbao za paini 16,000, paipu 6,000, gundi 25,000, uzi wa nailoni 5,000, bolti na nati 8,000, fundi 15,000. Jumla 140,000. Tyubu kuukuu za baiskeli nilipewa bure.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi. Kwenye plaiwudi unakata mataruma matano, yaani mbavu, ya katikati kubwa na ya pembeni ndogo. Halafu unapitisha fito ndefu kutoka omo hadi tezi: mmoja chini ndio mkuku, miwili kwenye kona za tumbo, miwili juu kwenye kingo. Yangu ina urefu wa mita 4 na upana wa sentimita 70. Kila ufito nimeukata vipande vitatu, na vinaungana kwa kuchomekwa kwenye vipande vya paipu. Pale ufito unapokutana na taruma, bolti na nati inayofungwa kwa vidole, kisha unaviringisha utepe wa tyubu ili mbao isicheze. Kiunzi kikiwa tayari unakisukumia ndani ya ngozi ya turubai, unaikaza kwa kamba, na mtumbwi umesimama.

Je, kitanibeba? Hapa hesabu za kidato cha pili zikanisaidia kwa mara ya kwanza tangu nimalize kidato cha pili. Chombo kinaelea kikisukuma maji yenye uzito sawa na wake na mizigo yake. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mimi, mtumbwi na begi tulifika kama kilo 95, maana yake tumbo la mtumbwi lisukume lita 95. Urefu mita 4, upana 0.7, ukizama sentimita 10, sanduku zima lingekuwa lita 280. Lakini mtumbwi si sanduku, umechongoka mbele na nyuma, kwa hiyo nikakata zaidi ya nusu. Bado zikabaki lita 120 hivi. Nikalala usingizi mzuri.

Usingizi huo uliharibiwa na gundi.

Mishono nilikuwa nimeibandika kwa gundi ya viatu, maana ndiyo niliyoijua. Nikaenda kuujaribu mtumbwi Biharamulo, kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe nje kidogo ya mji. Kulikuwa na watoto wa wafugaji kama kumi wamekaa kwenye tuta, kimya, kama watu waliolipa kiingilio. Nikapanda. Ukaelea! Wadau, sijui niwaelezeje. Unakaa chini ya usawa wa maji, makalio yako yanasikia ubaridi wa lambo kupitia kwenye turubai, na ukigusa kasia tu chombo kinateleza kama sabuni. Nikazunguka mara moja. Nikaanza ya pili. Kisha nikasikia ubaridi ule unapanda kutoka kwenye makalio kuelekea kiunoni.

Watoto wakapiga makofi. Sikuzama, kwa sababu omo na tezi nilikuwa nimezijaza chupa tupu za maji zilizofungwa vifuniko. Mtumbwi ulijaa lakini ukagoma kwenda chini. Nikaukokota hadi ukingoni huku ng'ombe wakinishangaa.

Fundi aliyenisaidia nilimpata Nyakanazi. Kwa asiyepajua, Nyakanazi ni njia panda ndani ya wilaya ya Biharamulo: malori yanatoka Dar es Salaam kupitia Kahama, mengine yanashika kwenda Rusumo na Kigali, mengine Kabanga na Bujumbura, na barabara nyingine inakwenda Kibondo hadi Kigoma. Penye malori pana maturubai, na penye maturubai pana mtu anayeyatia viraka. Mzee yule aliushika mshono wangu kwa vidole viwili, akauvuta, ukaachia wote kama ganda la ndizi.

"Hii gundi ya viatu, mwanangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Turubai la namna hii lina mafuta ndani yake. Yanatoka polepole yanaila gundi. Likipigwa jua ndiyo kabisa."

Na ni kweli. Haya maturubai ya plastiki hulainishwa kwa kemikali, na kemikali hizo huilainisha gundi ya kawaida mpaka inageuka uji. Mzee akasugua kwa msasa, akapangusa kwa tina, akapaka gundi yao ya maturubai mara mbili, akaiacha mpaka isinate kidoleni, ndipo akabandika na kugonga kwa nyundo. Kisha akashona juu yake, na juu ya mshono akaweka kiraka kirefu. Mpaka leo hakijaingia hata tone.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana hayo yote yalikuwa utangulizi.

Jioni ya siku ile ya turubai, mama alikuja kukaa na mimi uani. Hakunikataza. Mama yangu si mtu wa kukataza. Akawa anakunja ncha ya turubai na kuikunjua, kisha akasema, "Unajua mimi samaki wa mto ule sili."

Nilikuwa najua hali samaki. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Naitwa mwandishi wa habari, nimesomea kuuliza maswali, na hilo sikuwahi kumuuliza mama yangu.

Mwaka 1994 alikuwa msichana wa miaka ishirini. Mimi sikuwa nimezaliwa. Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa saa 24 hivi, watu takriban 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Chini ya daraja lile lile Kagera ilikuwa inapitisha maiti. Mto haukuzisimamisha hapa. Ulizibeba mpaka ziwa Victoria, na wavuvi wa Uganda wakawa wanazitoa majini na kuzizika. Kasensero, kwenye mdomo wa Kagera, pana makaburi yao mpaka leo.

Mama alisema watu wa kwetu waliacha kuchota maji mtoni kwa muda mrefu. Alisema harufu. Kisha akagusa tena turubai na kusema kwamba kila alionapo turubai limetandazwa chini anakumbuka shitingi za Benaco, mlima mzima umegeuka buluu na nyeupe, mpaka unashindwa kujua ardhi iko wapi. Wenye shitingi waliondoka, wengi wao Desemba 1996, lakini shitingi zenyewe zilibaki miaka na miaka. Mimi nimekua naziona zimeezeka majiko ya watu na kuanikia mahindi. Nilidhani ni plastiki tu.

"Usiwe peke yako majini," akamaliza. "Nenda na mtu anayeujua mto."

Kwa hiyo sikwenda Kagera. Nilikwenda Ruvubu, ule unaotoka Burundi, ukapita ndani ya wilaya yetu na kukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Nako nilikwenda kwa sababu kuna mzee anayevusha watu kwa mtumbwi wa gogo. Watu wana mashamba ng'ambo, wana ndugu ng'ambo, na wengine wana wagonjwa.

Nilifika saa nne asubuhi na bodaboda, fito zimefungwa kama mzigo wa kuni, ngozi imo ndani ya begi la shangazi kaja. Nikaanza kuunganisha. Dakika ishirini na tano. Abiria waliokuwa wanasubiri kuvuka wakaacha kusubiri wakaja kutazama. Mzee alikuwa wa mwisho kuja. Akazunguka mtumbwi, akabonyeza turubai kwa kidole gumba, akanyanyua omo kwa mkono mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ni mwepesi."

"Kilo kumi na nane."

"Unabeba magunia mangapi?"

"Haubebi gunia, mzee. Unabeba mtu mmoja."

Akafikiri kidogo. Hakuwa ananidhihaki, nilimtazama usoni.

"Na huyo mtu mmoja anakwenda wapi?"

Wadau, nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na Heurich, nilikuwa na Atlantiki, nilikuwa na Misri. Yote yakakwama kooni. Nyuma ya mzee alikuwa amesimama mama mmoja na mtoto mgongoni na kapu la mihogo kichwani, naye alikuwa anajua vizuri kabisa anakwenda wapi.

Mzee akanionea huruma akabadili mazungumzo. Akanyosha kidole kifuani kwangu. "Na hilo ulilovaa?"

Nilikuwa nimevaa jaketi la uokozi, la rangi ya chungwa, nililoazima kwa rafiki yangu wa Mwanza. Nikamweleza: ukianguka linakushikilia kichwa juu ya maji. Akaniomba nilivue. Akalishika kwa mikono miwili, akalipima uzito, akalibonyeza kama alivyobonyeza turubai, lakini safari hii hakuliachia haraka.

Mtumbwi wake unavusha watu saba au wanane kwa mara moja, pamoja na mizigo. Ndani yake hamna jaketi hata moja. Aliniambia anawafahamu viboko wa pale kama anavyowafahamu majirani zake, anajua saa wanayorudi majini na mahali wanapopenda kusimama, na ndiyo maana hajapata ajali. "Bado," akaongeza.

Hapo niliona aibu ambayo sijaizoea. Nimewahi kuandika habari za watu waliokufa maji. Tunaziandika sote: aya nne, idadi ya waliokufa, mtumbwi ulizidiwa mizigo, viongozi wamewataka wananchi kuwa waangalifu, basi. Sisi watu wa Kagera tumekua na MV Bukoba vichwani mwetu, Mei 21, 1996, na bado nikiwa ripota sijawahi kuandika habari ya mtumbwi ambao haujazama. Mtumbwi ambao haujazama si habari. Mhariri atauliza kilichotokea ni nini.

Nilipiga kasia siku ile, msidhani sikupiga. Mzee alitangulia na mtumbwi wake, mimi nikamfuata, tukapita pembezoni mwa mafunjo, mita mia mbili labda. Maji ya Ruvubu ni ya rangi ya chai ya maziwa na yanakuvuta kimya kimya. Palikuwa na ndege mmoja mweupe aliyekataa kuruka tulipompita. Nilifurahi sana. Sitasema uongo ili nionekane mtu wa maana: nilifurahi kama mtoto.

Kisha tukarudi, nikakunja, na nikamwachia mzee jaketi. Rafiki yangu wa Mwanza akisoma hapa, ndugu yangu, tutaongea.

Jaketi moja kwa watu wanane si jibu, najua. Kwa hiyo tukakaa chini na mzee tukapiga hesabu. Mtu mzima akiwa majini hahitaji nguvu kubwa kumshikilia kichwa juu, kilo saba hivi zinatosha, kwa sababu sehemu kubwa ya mwili inaelea yenyewe. Chupa tupu ya lita moja na nusu, iliyofungwa vizuri, inatoa karibu kilo moja na nusu. Chupa tano kwenye mfuko wa wavu umezifikia hizo saba. Madumu mawili ya mafuta ya kupikia ya lita tano umezivuka. Si sawa na jaketi, halitakugeuza uso juu ukizimia, na kamba yake ikikaa vibaya itakukaba. Lakini ni kitu cha kushika, na kila nyumba ya kijiji kile ina dumu tupu nyuma ya jiko.

Nilirudi wiki tatu baadaye. Mtumbwi ulikuwa na madumu sita yamefungwa kwa vipande vya tyubu, viwili viwili, kila upande mbele, katikati na nyuma. Tyubu! Alikuwa ameangalia vizuri nilivyofunga fito zangu.

Jaketi lenyewe sikuliona kifuani kwake. Nikamuuliza anamvalisha nani, maana ni moja.

"Mwenye mtoto mgongoni," akasema, kama vile nimeuliza jambo ambalo kila mtu anajua.

Mtumbwi wangu bado uko, chini ya kitanda. Nimeanza kuandika makala ya vivuko vya mitumbwi Ngara, na mhariri kasema ataiangalia kama itakuwa na picha. Mama ameulizia kama turubai linaweza kufunguliwa lianikie maharage msimu huu. Nimemwambia ndiyo, ila jirani aambiwe mapema.